Mutoto Mwenye Teneur

Tantine yangu Huguette anafanyaka karatasi itembee. Bantu ya mutaa yetu Musonoi banasemaka vile, na iko kweli. Anakata muntu mu karatasi ngumu: kichwa mbali, mikono mbali, miguu mbali, na anaipanga pa meza. Telefone yake anaifunga na kamba ku kiti yenye kulalishwa juu ya meza, ikuwe inaangalia chini. Anapiga picha. Anasukuma muguu ya karatasi kidogo, kidogo sana, kama vile unasukuma mutoto mwenye kulala ili upate nafasi pa kitanda. Anapiga picha ingine. Asubui yote ni vile. Kiisha anapitisha zile picha mbio-mbio, na ule muntu anasimama, anaenda.

Mbele aanze karatasi, alikuwa anaandikaka majina ya maduka. Ukipita mu Musonoi, ile kichwa ya mwanamuke mwenye nywele ndefu ku salon ya Mamie, ni mukono yake. Ile mbuzi yenye kucheka ku kibanda pale banauzisha nyama ya kuchoma, ni yake pia. Siku aliimaliza, mwenye kibanda alimuuliza:

“Huguette, mbuzi itacheka namna gani na inaenda ku moto?”

“Haiyajua bado,” tantine akajibu, na akapangusa burosi yake.

Yeye ni vile. Haogopake muntu, na hapandishake sauti.

Bwana yake ni Stany. Stany anachimba mawe ya cuivre, ile shaba, na bakubwa na badogo ya équipe yake ku mashimo ya upande ya Mutoshi. Ni muntu ya mabega, anapenda kucheka, anapenda mutoto yake kupita bukari, ugali yetu, ya moto. Mawe yenye anachimba, hayauzishake siku ile ile. Anaijaza mu mifuko, anaileta ku nyumba na pikipiki, anaingoja mpaka bei ya dépôt, pale bacreuseur, bachimbaji kama yeye, banauzishaka, ipande. Na kwa kuingoja, anaiweka chini ya kitanda. Mu avenue yetu bote banafanya vile. Kitanda ya Stany na tantine ilikuwa imepandishwa na matofali ku miguu yote, juu mifuko iingie muzuri. Ukilala pale, uko juu kama chifu.

Mutoto yao Tina, mwenye kuanza kutembea, ile chini ya kitanda njo ilikuwa nyumba yake. Anaingia na matako, anazungumuza na mifuko, anaipiga makofi, anatoka na magoti ya rangi ya majani. Anajilamba vidole. Stany anamubeba juu, anamupiga busu, na yeye pia anapata ile rangi ku ndevu.

Tantine alikuwa anataka kitu moja tu mu ile nyumba. Hakutaka kitanda ya mupya wala nguo. Alitaka ile mifuko itoke mbali na Tina.

“Papa Tina, tosha bitu yako inje,” alikuwa anasema.

“Inje wapi? Rafiki yangu Ruffin aliweka yake inje. Asubui alikuta kamba tu, mifuko imeibiwa.”

“Mutoto anakula ile mavumbi.”

“Mi nilianza kuikula mbele nikuone. Angalia mi!” Anajipiga kifua, po, po. “Ungetaka bwana mwenye nguvu kupita hapa?”

Na yeye anacheka, Tina anacheka, maneno inaisha pale.

Kiisha Docta Marlène alifika.

Docta Marlène alitoka Lubumbashi na benzake kwa kufanya uchunguzi. Hawakukuya kupatia bantu sindano. Balipita mu manyumba, balifagia mavumbi ya chini mu tuchupa tudogo, balichukua mukojo ya batoto mu tuchupa tungine, balienda nayo. Bantu balicheka sana: badocta gani banabeba mavumbi na mukojo, hawaachi hata dawa? Miezi ikapita. Docta akarudi na majibu, kama vile alikuwa ameahidi. Tata Ntambwe, chifu ya quartier yetu, akaita bantu chini ya hangar ya soko. Docta akafunga ku ukuta karatasi mukubwa yenye mistari yenye kupanda na kushuka.

Tata Ntambwe aliiangalia na kichwa ya pembeni. Akauliza na heshima yote:

“Docta, hii ni barabara ya Mutoshi?”

Bantu balianguka na kicheko. Docta pia alicheka, lakini niliona anakunja karatasi yake pole-pole kama nguo ya muntu mwenye kufa. Ile mistari ilikuwa inasema: batoto benye banalala na mifuko mu nyumba, mukojo yao iko na chuma ya mawe mingi kupita batoto benye hawalale nayo. Ile tu. Lakini nani ataona mutoto mu mustari?

Kutoka pale docta alienda kukula nyama. Akaona mbuzi yenye kucheka. Akauliza ni nani aliifanya. Njo vile alifika ku mulango yetu, juu mi ninakaaka kwa tantine, na mufupa ya mbuzi bado mu karatasi mu mukono.

“Mama, mi niko na majibu na bantu banaiangalia banasinzia,” alisema. “Wewe uko na mbuzi, na bote banasimama. Tusaidiane.”

Tantine akamuonyesha bantu yake ya karatasi mu telefone: mwana moja anacheza ku feti ya kwaya, mama moja anatwanga. Docta aliangalia, akaangalia tena. Kiisha akafungua ordinateur, kompyuta yake, akaonyesha tantine damu, vile inaonekanaka mu mashini yao. Tubitu twekundu, tuduara, twenye kufinywa katikati kama beignet, andazi yenye haikuvimba muzuri, tunapita, tunasukumana, kama bantu ya kutoka ku misa.

Tantine alikaa pale na macho wazi. Akaanza maulizo, na haikuisha. Damu inapita mbio ao pole? Mavumbi ikifika mu tumbo, inabisha hodi wapi juu iingie mu damu? Iko ndogo kupita beignet, ao mukubwa? Mutoto akipumua, inapita njia moja na ile ya kukula? Docta alikuwa anajibu, ingine anasema: “Ile bado hatujue.” Tantine alipenda sana ile neno. Akaniambia mu jikoni: “Ule mama, kitu hajue anasema hajue. Nitatumika na yeye.”

Balipatana: filme ya mufupi, bila maandiko, juu kila muntu aelewe. Tantine akafunga mulango ya chumba ya mbele, akatumika. Akafanya nyumba ya karatasi, kitanda ya karatasi, mufuko, mutoto. Akafanya tumbo na mishipa na zile beignet nyekundu, mingi, kila moja anaisukuma na kijiti. Na kwa mavumbi, hakutaka kudanganya. Akakamata jiwe moja ya Stany, malachite, ile yenye rangi ya majani mabichi. Akaiponda na mufiniko ya chungu, akachanganya na kole ya kubandikia karatasi, akaipaka ku ncha ya sindano, tone kwa tone. Ilikuwa inangaa. Inatoka mu mufuko, inapanda hewani, inashuka ku mukono ya mutoto, inaingia kinywa, inapita mu damu katikati ya ile wekundu kama nyota. Mi nilisema iko muzuri sana. Docta pia akasema iko muzuri. Kosa ilikuwa pale pale mu ule uzuri, na hakuna mwenye aliiona.

Siku ya mungu, kiisha misa, balifunika madirisha ya sale ya paroisse, pale ku kanisa, na bitenge ili kukuwe giza. Bantu balijaa: bamama na batoto mu mugongo, bacreuseur bote ya équipe ya Stany, na Stany mwenyewe mbele, na shati ya kupigwa pasi, juu filme ilikuwa ya bibi yake. Docta akawasha mashini yake ya kutupa picha, na ku ukuta kulifunguka ile nyumba ya karatasi. Mutoto akaingia chini ya kitanda. Bamama balisema “Ee, Tina yule!” ingawa hakufanana naye, juu tantine alikuwa ameiga mutoto mwenye soksi wa ku kitabu ya docta.

Mavumbi ikatoka mu mufuko, ikaanza kungaa.

Ruffin, rafiki ya Stany, ni muntu yenye kinywa yake haifungwake. Akapandisha sauti:

“Angalia ile bitu! Ile iko na teneur!”

Teneur, kwetu, njo ile mali yenye iko ndani ya jiwe. Jiwe mbili zinaweza kufanana, lakini yenye kuwa na teneur ya juu njo inalipwa. Creuseur anaijua kwa macho: rangi ya majani yenye kungaa vile, unaweza hata kuimba.

Mu ukuta mavumbi ilikuwa inaingia mu kinywa ya mutoto.

“Inaingia mu mutoto!” mungine akalia.

“Mutoto eko na teneur!”

“Tumupeleke ku dépôt, bapime!”

“Stany, wewe umezala jiwe!”

Sale yote ilikuwa inacheka. Kila tone ya malachite yenye iliingia mu damu, bacreuseur balikuwa banapiga makofi, kama vile mu shimo, pale umefikia muzizi ya jiwe muzuri. Ku mwisho mutoto ya karatasi alisimama, mwili muzima inangaa, na mama moja nyuma yangu akasema polepole: “Mungu amubariki.” Alisema na moyo wote. Aliona ni baraka.

Docta Marlène alikuwa amesimama ku kona, mikono ku kinywa.

Stany aliingia ku nyumba mbele yetu na furaha. “Mama Tina, filme yako iko ya kwanza! Ruffin anataka uiweke mu telefone yake.” Akainama chini ya kitanda, akavuta Tina na miguu, akamurusha juu. “Teneur yangu! Teneur ya papa!”

Tantine aliangalia ile magoti ya mutoto, yenye rangi. Hakulia. Akatia maji mu sufuria ya bukari.

“Balicheka,” aliniambia. “Muntu mwenye kucheka aliangalia. Ku karatasi ya docta hawakuangalia hata. Sasa ni mi kujua kwa nini balicheka.”

Kesho yake docta alikuya na haya mingi. “Tubadilishe rangi,” alisema. “Tuweke nyekundu, ya hatari.”

“Nyekundu ni cuivre yenye kuwa safi. Batapiga makofi zaidi.”

“Basi nyeusi.”

“Nyeusi ni cobalt, docta. Kwa nyeusi batacheza.”

“Kijivu? Ya kahawia?”

“Stany ataiangalia, atasema iko ngapi. Hapa kwetu hakuna rangi ya udongo yenye haina bei.”

Docta akaikala ku kiti. “Sasa tunafanya nini?”

“Bado sijue,” tantine akasema, na docta akacheka, juu alisikia ile neno ilitoka kwake.

Ile jina ilibaki. Mu avenue hakuna mwenye alikuwa anaita Tina tena na jina yake. Batoto, bamama ya kuuzisha mukaa, bote: Teneur, Teneur. Na Tina anaitika, anakimbia na mikono juu. Siku moja tantine alikuwa anakata sombe, majani ya muhogo, mu kiwanja. Ruffin akapita na pikipiki, akasimama.

“Teneur! Kuya tuende ku dépôt! Leo bei iko juu!”

Tina akaenda kwake na kicheko. Tantine akasimamisha kisu.

“Ruffin, ndugu yangu. Jiwe ikifika ku dépôt, bakimaliza kuipima, inaenda wapi?”

“Ee, shemeki, wewe bibi ya creuseur haujue?” Ruffin alifurahi, anapenda kufundisha. “Lori inaibeba mpaka ku usine. Kule, mashini ya kwanza inaiponda. Kra, kra! Mashini ingine inaisaga mpaka unga. Kiisha banaimwagia asidi, inaiva mule, inakuwa maji. Kiisha umeme, kiisha moto. Pale njo cuivre inatoka.”

“Na jiwe yenyewe?”

“Jiwe gani? Jiwe imeisha, shemeki. Ukitaka mali itoke, jiwe haiwezi kubakia.” Akamupatia Tina bonbon ya sukari, akapiga pikipiki yake, akaenda anapiga muluzi.

Tantine aliweka kisu chini. Sombe ilibaki pale mpaka kuku ikaanza kuichukua. Mi niliifukuza, yeye alikuwa ameisha kuingia mu chumba na kufunga mulango.

Safari hii hakufanya mutoto wa ku kitabu ya docta. Ku kikapu yake ya nguo kulikuwa kipande ya kitenge ya manjano yenye alishonea Tina robe, gauni yake ya Noeli. Akakata robe ndogo kama ukucha, akaibandika ku mutoto ya karatasi. Akamupatia magoti ya rangi. Nywele akaifunga mafungo mbili, moja inaangalia mbinguni, moja inaangalia ku sikio, kama vile ya Tina inakuwaka kila siku hata uifunge namna gani.

Ile filme ya kwanza hakuitupa. “Balisema mutoto eko na teneur,” alisema. “Mi nitakubali. Tuendelee na maneno yao.”

Alipomaliza, akaita docta. Docta aliangalia bila kupumua. Ku mwisho, mutoto ya karatasi alikuwa anaanguka, anafunga macho, na banaleta jeneza.

“Hapana,” docta alisema. “Hii hatukuiona.”

“Itabaogopesha.”

“Itabaogopesha leo. Mama Tina, sisi tuliona chuma imeingia mu batoto, mingi kupita kipimo. Vile itamufanyia kila mutoto, tunaendelea kutafuta. Ukiweka jeneza, batoto batabaki bazima mu nyumba yenye mifuko, na baba yao atasema Huguette ni muongo. Kiisha hawataamini hata yenye iko kweli.”

Jeneza ilikuwa imemuchukua tantine siku mingi. Ilikuwa hata na misumari. Akafuta zile picha, moja, moja, mbele ya docta.

“Sawa,” alisema. “Ile yenye iko kweli, inatosha.”

Balifunika tena madirisha ya sale na bitenge. Bantu balikuya wengi kupita mara ya kwanza, juu kicheko inaitaka bantu. Ruffin alikuwa ameambia bote kwamba kuna filme ya pili ya Teneur. Stany akaikala mbele na Tina pa magoti. Tantine aliikala ku mwisho, mikono imefungwa mu kitenge, anaangalia migongo ya bantu. Hakuangalia ukuta hata kidogo.

Filme ilianza kama ile ingine. Kitanda, mufuko, mavumbi yenye kungaa. Mutoto wa robe ya manjano akaingia chini. Makofi.

“Teneur wetu!”

“Stany, ni mutoto yako kabisa! Angalia nywele!”

“Ni yeye!” Stany akajibu, na akainua Tina ili bote baone. “Tina, angalia, ni wewe!”

Mu ukuta, mutoto akatoka chini ya kitanda, anangaa mwili muzima. Papa ya karatasi akamuangalia, akafurahi, akamuweka juu ya pikipiki. Kicheko ikapanda. Pikipiki ikapita mu barabara, ikapita kibanda yenye mbuzi ya kucheka, na bantu bakapiga kelele kwa kuona kibanda yao. Bakafika ku dépôt. Muntu ya dépôt akamuweka mutoto juu ya kilo ya kupimia. Sindano ya kilo ikazunguka. Muntu ya dépôt akainua kidole gumba: teneur muzuri!

“Tulisema!” Ruffin akalia.

Mutoto akapanda mu lori, juu ya mawe. Lori ikaenda. Ikafika mbele ya mulango mukubwa, na nyuma ya mulango kulikuwa mashini ya kuponda, meno yake inafunguka na kufunga. Hakukuwa sauti mu filme, lakini ile mashini kila muntu mu sale anaijua, na kila muntu aliisikia.

Jiwe ya kwanza ikaanguka mu meno, ikakuwa unga. Jiwe ya pili. Mutoto wa robe ya manjano alikuwa anakuya nyuma yazo, pole-pole, anapunga mukono kama vile batoto banapungiaka lori.

Kicheko ilikatika kama umeme.

Pale juu ya meno, picha ikasimama. Mutoto anaangalia chini. Kiisha anatuangalia sisi. Tantine alikuwa amemufanyia macho ya kupepesa, na akapepesa mara moja.

Hakuanguka. Akageuka. Akashuka ku lori peke yake, akarudi na miguu barabara yote ile, akapita dépôt, akapita mbuzi, akafika ku nyumba. Bado alikuwa anangaa. Hakuna tone hata moja yenye ilikuwa imetoka. Akapanda pa kitanda, akalala. Na chini ya kitanda, kutoka mu mufuko, mavumbi ikaanza kupanda tena.

Filme ikaisha. Hakuna mwenye aliondoa bitenge ku madirisha. Mama moja alikuwa anapangusa kinywa ya mutoto yake na kitenge, anapangusa, anapangusa.

Tata Ntambwe njo alikuwa wa kwanza kusimama. Alitosha kofia.

“Docta,” aliuliza, “hakuna mashini ingine? Ya kutoa ile kitu mu mutoto bila kumuponda?”

“Ingine mwili inaitoa yenyewe mu mukojo, tata. Lakini kama kila siku inaingia ingine, haitamaliza. Na mashini ya kuisafisha yote, hatuna. Njo maana tunasema isiingie.”

“Na ku nguo ya kazi?” mama moja akauliza. “Iko nayo?”

“Iko nayo.”

“Na ku mikono ya papa yake?”

“Pia.”

Maulizo ikaanza kumwagika, na docta alikuwa anajibu mbio, na hakuna mwenye alicheka, hata mistari yake angeileta bangeisoma. Ruffin alikuwa ameinama, anaangalia viatu yake. Nilisikia anamuambia jirani yake: “Mi njo nilimuambia kuhusu mashini. Aliniuliza na sombe mu mukono.”

Stany alikuwa ameshika Tina na mikono mbili, muzuri, kama vile unashika sahani yenye kujaa. Tina alikuwa ananyoosha kidole ku ukuta mweupe na anasema, “Tina. Tina.” Alikuwa amesahau ile jina ingine.

Tulirudi ku nyumba na mwangaza bado. Stany alimupatia tantine mutoto, akaingia mu chumba. Tukasikia anavuta. Mufuko ya kwanza ikatoka ku mulango, ya pili, mpaka yote ikakuwa mu kiwanja. Tantine alimwaga maji mu chumba ili mavumbi isipande, akaanza kufagia.

“Na benye kuiba?” mi niliuliza, polepole.

Stany alisikia. Akapangusa jasho. Akarudi mu chumba, akainua kitanda na bega moja, akatosha matofali yote yenye ilikuwa ku miguu. Kitanda ikashuka, pu! Akabeba ile matofali ku kona ya kiwanja, karibu na choo, mbali na mulango, akaipanga chini, akaweka mifuko juu, akaifunika na bashi, ile turubai. Kiisha akaenda kuchukua matela, godoro ya bageni, akaitandika pale pale pembeni.

“Papa Tina,” tantine akasema, “ile ni nini?”

“Kama bitu haiwezi kulala na mutoto, mi nitalala na bitu. Mpaka bei ipande.”

Ruffin alikuwa anapita. Hakuweza kuivumilia.

“Ee, Stany! Bibi amekufukuza? Umeoa malachite?”

“Nenda ukatoshe yako,” Stany akamujibu, “mbele bibi yako alete kitenge ya mutoto kwa Huguette, amuweke pia mu filme.”

Ruffin alicheka, lakini hakukaa. Na siku yenye ilifuata, niliona mifuko mu kiwanja yake.

Stany alikuwa anataka kuingia kwa kukula. Tantine alisimama ku mulango na ndoo ya maji na sabuni, na robe ya manjano ya Tina ku bega.

“Nguo pia,” alisema. “Pale pale ku choo. Kiisha unaoga, kiisha unamubeba.”

“Mama Tina, mi ni bwana ya nyumba!”

“Njo maana nimekupashia maji.”

Alicheka ile kicheko yake yote, po, po ku kifua, akachukua ndoo.

Kitanda sasa iko chini, kama ya bantu bengine. Tina alijaribu kuingia pale, kichwa ikagota, akakasirika, akaenda kutafuta nyumba ingine nyuma ya mulango. Nafasi yenye ilibakia ni ya kupitisha mukono tu. Tantine alipima na kiganja, akaleta kartoni yake ya bantu ya karatasi, ule papa, muntu ya dépôt, mutoto wa robe ya manjano na vipande ya mikono na miguu yao, akaisukuma chini pole-pole. Ikaingia sawasawa.